Nimetema mate kwa dola 258: kipimo cha jeni ya Alzheimer, nyota mbili na nusu

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza nililoulizwa kazini. Dola 258 kwa viboksi viwili, wiki ile ya punguzo baada ya Siku ya Shukrani, Novemba 2024. Kimoja changu, kimoja cha mama. Bei ya siku zote ilikuwa dola 199 kwa kimoja, kwa hiyo nilijiona mjanja wa mjini. Kampuni siitaji. Wanaouza vipimo vya namna hii ni wengi, wana mawakili, na mie nina zamu usiku wa leo.

Mie ni mtu wa Tanga, wa Ngamiani. Hapa Minnesota, Marekani, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku, mwaka wa tisa huu. Wazee wangu wengi wana ugonjwa wa kusahau, Alzheimer na wa jamii yake. Yupo mmoja kila ikifika saa tano usiku huamka, akashindilia nguo zake kwenye foronya na kukaa ukumbini kungoja basi. Namwambia basi limechelewa leo, theluji nyingi, tunywe chai kwanza. Kwa hiyo ugonjwa huu naujua kwa mikono. Nilikuwa sijaujua kwa simu.

Simu alipiga dada. "Mama kapotea," akasema, halafu haraka haraka, "Kapatikana, kapatikana, lakini alipotea." Anayeijua Ngamiani ataelewa kwa nini nilitafuta pa kukaa. Barabara zetu zina namba. Hata mgeni aliyeshuka basi asubuhi hapotei, anahesabu tu. Mama katoka Barabara ya 9 kwenda ya 12 kupeleka mkeka wa watu, akakutwa ya 20 amesimama mbele ya duka lililofungwa, anaulizia nyumba ya shoga yake ambaye tulimzika mwaka 2011. Na mama anaishi Ngamiani tangu 1973. Wiki mbili baadaye vitumbua vyake, ambavyo watu huvifuata tangu alfajiri, vikatoka vigumu kama kifuu: hamira hakutia, chumvi katia mara mbili. Jirani mmoja akasema uzee. Mwingine akasema katupiwa kitu. Dada ni mwalimu wa shule ya msingi, hana subira na maneno ya mtaani. "Mdogo wangu, wewe uko huko kwa wataalamu. Tafuta."

Nikatafuta. Yaani nikanunua.

Kiboksi chenyewe sina neno nacho. Ndani mna mrija wa plastiki wenye mdomo mpana kama faneli, mfuniko uliofichwa maji ya buluu, kifuko, na boksi la kurudishia ambalo posta yake imeshalipiwa. Masharti: nusu saa kabla usile, usinywe, usivute sigara, usitafune jojo. Kisha uteme mate mpaka yafike kwenye mstari, na povu halihesabiwi. Hapo ndipo palipo na kasheshe. Mie natoka kazini saa moja asubuhi, kinywa kikavu kama makuti ya kiangazi, nimekaa kwenye gari natema tone moja moja, povu tupu. Nikafumba macho nikawaza embe bichi la kukatwa vipande, chumvi na pilipili ya unga, lile la nje ya geti la shule. Mate yakaja yenyewe. Maelekezo ya kampuni hayana mbinu hiyo, nawapa bure. Ukifunga mfuniko, maji ya buluu yanamwagikia mate, unatikisa sekunde chache, unabandika bakodi, unapeleka posta. Dakika ishirini. Hadi hapo nyota tano.

Wiki tano baadaye nikapata ujumbe: sampuli yako haikuwa na vinasaba vya kutosha. Wakatuma mrija mwingine bila malipo, hilo nawashukuru. Lakini nilipoandika kuuliza kosa ni langu au la maabara, alinijibu roboti, na kabla hajajibu swali akaniuliza kama nimeridhika na huduma. Embe bichi kwa mara ya pili. Wiki nyingine tano.

Majibu yakaja Machi 2025, nikiwa kwenye mapumziko ya saa tisa usiku. Ripoti ya Alzheimer haifunguki hivi hivi kama zile za rangi ya macho. Kwanza unapitishwa kurasa nne: hiki si kipimo cha kutambua ugonjwa, wapo wenye jeni hii wasiougua, wapo wasio nayo wakaugua, je, una uhakika unataka kuona? Unabonyeza ndiyo, wanakuuliza tena. Wengine wataudhika, mie nawapa hongera kwa hilo. Marekani walishawahi kuwafuata watu wazima ambao wazazi wao walikuwa na Alzheimer, wengine wakaambiwa jeni yao na wengine hawakuambiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: walioambiwa hawakuwazidi wenzao kwa wasiwasi wala huzuni. Sawa. Ila wale walikaa na mshauri, wakaelezwa ana kwa ana. Mie nilikuwa na mashine ya kahawa na kiti cha plastiki.

"Una nakala moja ya e4."

Ngoja niieleze hiyo e4 kama nilivyoielewa, maana ripoti inaeleza kwa lugha ya mtu anayeogopa kushtakiwa. APOE ni jeni iliyoko kwenye kromosomu 19. Ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza protini inayobeba mafuta na kolesteroli, mwilini na ubongoni. Mfikirie hamali wa soko la Mgandini na mkokoteni wake. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba, na aina zake kuu ni tatu: e2, e3 na e4. Protini yenyewe ni mnyororo wa pete 299, kila pete ni asidi amino moja, na tofauti ya e3 na e4 ni pete moja tu, ya 112: palipokuwa na sisteini pamekaa arginini. Pete moja katika 299! Lakini inatosha kuupinda mkokoteni. Hamali wa e4 hasombi vizuri, na katika takataka anazochelewa kuzisomba kuna vipande vya protini iitwayo amiloidi-beta.

Vipande hivyo vinatoka kwenye protini ndefu zaidi iliyochomoza juu ya seli za neva. Mwili huikata kwa vimeng'enya, kama mama anavyochana ukindu kabla ya kusuka. Kipande cha urefu wa pete 40 hakina ukorofi mwingi. Kikikatwa 42 kinanata, vinagandana, vinajenga uchafu nje ya seli. Ndani ya seli kuna protini nyingine, tau, ambayo kwa kawaida huvikaza vijia vya kupitishia mizigo. Ikibandikwa fosfeti kupita kiasi inaachia, inajisokota. Marehemu baba alifanya kazi kwenye mashine ya korona, kwenye mkonge, enzi hizo neno korona halijamtisha mtu. Alikuwa akituambia katani ikishajisokota vile huichanui tena. Nilipoona picha ya tau chini ya hadubini nilimkumbuka yeye. Vitu hivyo viwili, uchafu wa nje na misokoto ya ndani, ndivyo alivyoviona daktari Alois Alzheimer kwenye ubongo wa mgonjwa wake Auguste Deter, akavieleza kwenye mkutano wa madaktari mjini Tübingen, Ujerumani, mwaka 1906.

Haya yote nimeyasoma mwenyewe, mapumziko baada ya mapumziko. Kampuni iliniuzia herufi moja na tarakimu moja.

Na vikatuni. Ripoti ilisema mwanamke mwenye nakala moja ya e4 akifika miaka 85 uwezekano wake ni kama 3 katika 10, wakachora vikatuni kumi vya watu, vitatu vimepakwa zambarau. Nilivitazama vile vya zambarau mpaka kengele ya chumba namba 6 ikalia. Usiku mbili zilizofuata nilikuwa nikisahau kitu chochote, ufunguo, jina la dawa, moyo unapiga. Siku ya tatu nikashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, kwenye maandishi ambayo kwenye simu lazima uyakuze kwa vidole viwili. Yanasema makadirio haya yametokana na watu wenye asili ya Ulaya na huenda yasikuhusu. Huenda yasikuhusu! Na ukurasa wa mbele wa akaunti hiyohiyo umeandika asili yangu ni Afrika Mashariki zaidi ya asilimia 90. Wanajua mie ni nani, wameniuzia mpaka ramani ya rangi, halafu wananipimia kwa pishi ya mtu mwingine.

Nyota moja na nusu imekwenda hapo, na sirudishi. Jambo lenyewe si dogo. Mwaka 2001 yalitoka matokeo ya utafiti uliowafuata wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Ibadan, katika kila wazee 100, waliopata Alzheimer kwa mwaka walikuwa 1.15, Indianapolis 2.52. Na e4 wale wa Ibadan wanayo sana, lakini kwa miaka mingi watafiti hawakuona ikiwadhuru. Walipokuja kuongeza watu ndipo wenye nakala mbili wakaonekana kuwa hatarini. Mwaka 2018 wengine wakachunguza Wamarekani weusi na watu wa Puerto Rico, wakaona kitu cha ajabu: kipande cha kromosomu 19 kinachoizunguka APOE kikiwa kimetoka Afrika, e4 ina makali machache kuliko kikiwa kimetoka Ulaya. Herufi ileile, jirani zake tofauti. Hivyo vikatuni vyangu vya zambarau pengine ni viwili, pengine kimoja na nusu; hakuna wa kunichorea, kwa sababu hawajahesabu watu wa kwetu wa kutosha.

Hapa sisemi tuna kinga, maana najua kuna watakaosoma hivyo na kupumua. Wilayani Hai, Kilimanjaro, walipita nyumba kwa nyumba kuwapima wazee, na matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha zaidi ya 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana dimensia, yaani ugonjwa wa kusahau wa aina zote, Alzheimer ikiwemo. Hao ni wazee wa vijijini, si wa Minnesota.

Jambo jingine linaloiangusha huduma hii: haipimi kile ambacho watu wengi wanadhani wamepimwa. Mwenzangu wa zamu, Mkenya, alinunua pia, akapata e3 mbili, akasema sasa yeye Alzheimer hamjui. Nikamwambia taratibu, ndugu yangu. Familia ambazo ugonjwa unashuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto kama deni, watu wakiugua wakiwa na miaka 40 au 50, jeni zake ni nyingine kabisa: APP kwenye kromosomu 21, PSEN1 kwenye 14, PSEN2 kwenye 1. Ni wachache mno, hawafiki hata mmoja katika wagonjwa 100, lakini mwenye jeni hiyo karibu lazima augue. PSEN1 na PSEN2 ni sehemu ya mkasi wenyewe unaokata amiloidi, na APP ndiyo ukindu wenyewe. Kipimo cha mate nilichonunua hakizigusi. Limeandikwa, naam, ukurasa wa tatu katika zile nne ambazo kila mtu anazibonyeza bila kusoma.

Habari iliyonishika kuliko zote katika kusoma huko ni ya mama mmoja wa Antioquia, Kolombia. Kule kuna ukoo wa maelfu ya watu ambao daktari Francisco Lopera aliufuatilia kwa miongo mingi. Wana kasoro ya PSEN1, na wenye kasoro huanza kupoteza kumbukumbu wakiwa na miaka 44 hivi. Mama huyu alikuwa nayo, akavuka 44, akavuka 50, akavuka 60, akaanza kusahau alipoingia miaka ya 70. Walipompiga picha ubongo walikuta amiloidi imejaa tele. Tau ilikuwa kidogo. Sababu waliyoieleza mwaka 2019 ni kwamba nakala zake zote mbili za APOE zilikuwa za aina adimu waliyoipa jina la Christchurch, badiliko jingine la pete moja. Yaani APOE, jeni ileile iliyonitoa usingizi mie, kwake yeye ilikuwa ngao. Niliisoma hiyo mara tatu. Kisha nikaenda kumgeuza mgonjwa wa chumba namba 11, maana saa zake zilifika.

Sasa huduma ya pili, ambayo sikuipanga. Nilijilipia mshauri wa masuala ya vinasaba kwa simu, dola 150, dakika arobaini na tano. Huyu nampa nyota tano bila kuzihesabu. Hakuanza na jeni. Aliniambia nichukue karatasi nichore ukoo, nani kafa na miaka mingapi, nani alisahau, nani alipooza. Bibi mzaa mama kafa na tisini na kitu akiwa anakumbuka madeni ya watu. Bibi mzaa baba, hapo nikanyamaza: tulikuwa tunaambiwa "amerudi utotoni", akifungiwa mlango wa uani asitoke. Nilikuwa mtoto, tulimcheka. Mshauri akaniuliza, "Kwa hiyo hiyo e4 yako unadhani imetoka wapi?" Na mie, jinga, muda wote nilishaamua ni ya mama. Nakala moja haisemi imetoka upande gani. Inawezekana mama hana e4 hata moja, na mie nimerithi ya yule bibi tuliyemcheka. Dola 129 na wiki kumi, na kuhusu mama nilikuwa sijajua chochote.

Akaniuliza pia kama nina bima ya matunzo ya uzeeni. Sina, nilikuwa nafikiria kununua, kwa sababu naona kila mwezi bili za wazee wangu zinavyokula nyumba zao. Akavuta pumzi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 inamkataza mwajiri na bima ya afya kukubagua kwa sababu ya jeni, lakini bima ya maisha, ya ulemavu na ya matunzo ya muda mrefu haimo. Wakikuuliza kwenye fomu kama umepimwa, itabidi useme kweli. Mtu hununua bima kwanza, halafu ndio anatema mate. Kampuni ilishindwa nini kuliandika hilo juu ya kiboksi, hata kwa herufi zao ndogo?

Kiboksi cha mama nilikusudia kukipeleka mwenyewe mwezi wa saba, maana hawatumi Tanzania. Nikamwambia dada kwenye simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hicho kidude usije nacho."

"Kwa nini? Si wewe uliyesema nitafute?"

"Nilisema utafute dawa. Hebu niambie, mama akikutwa nazo mbili hizo e4, mie ninazo ngapi?"

Nikanyamaza. Akikutwa na mbili, kila mtoto wake ana angalau moja, hakuna bahati nasibu hapo.

"Umeona? Mama akitema mate, anatema na yangu. Na mie sijaomba kujua."

Sijaona ripoti ya kitaalamu iliyolisema hilo vizuri hivyo. James Watson, mmoja wa waliogundua umbo la vinasaba, alipokabidhiwa jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, mwaka 2007 aliomba kitu kimoja tu kifichwe: APOE. Wakaifuta. Baadaye wataalamu wengine wakaonyesha kuwa ukisoma vinasaba vya jirani yake pale kwenye kromosomu unaweza kukisia kilichofutwa, ikabidi wafute na majirani. Mzee yule na dada yangu wa Ngamiani walitaka kitu kimoja. Muigizaji Chris Hemsworth naye alipimwa, akatangaza mwaka 2022 kuwa ana e4 mbili. Yeye alielezwa na daktari.

Mwezi wa saba nikaenda Tanga. Kiboksi kilibaki Minnesota. Tukampeleka mama kwa daktari wa magonjwa ya ndani, kliniki ya kulipia, foleni ya saa mbili. Alimwambia ataje wanyama wote anaowajua kwa dakika moja. Mama akataja kumi na mmoja, samaki wanane ndani yake, daktari akasema samaki wahesabiwe. Alimwambia achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Mama akachora duara zuri kuliko langu, akapanga namba zote, mshale mfupi akauweka kwenye tano. Nikaona moyo unashuka, maana mshale wa saa tano hukaa kwenye kumi na moja, kila mtu anajua. Daktari akamuuliza kwa upole, "Mama, hapa ni saa ngapi?" Mama akamtazama kama anavyowatazama wateja wanaoomba punguzo. "Umesema tano, nimekuwekea tano. Ukitaka ya ukutani, sema ya ukutani." Akafuta, akaweka kwenye kumi na moja. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Hiyo alama akampa. Maneno matatu aliyoambiwa ayakumbuke, alirudisha moja.

Presha ilikuwa juu sana. Damu walipima tezi ya koo, vitamini B12, sukari, zote salama. Sikio la kulia lilikuwa limezibwa na nta hata tundu halionekani, na jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Presha, masikio, macho na sukari vimo kwenye orodha ya mambo 14 ambayo jarida la kitabibu la Lancet lilitoa mwaka 2024, likakadiria kwamba yangeshughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingezuilika au kucheleweshwa. Gharama yote ya pale, na vipimo vya damu, haikufika bei ya kiboksi kimoja. Sikio likazibuliwa. Jioni ile mama alilalamika kwamba adhana ya msikiti wa jirani inapigwa kwa sauti kubwa siku hizi.

Na bado anasahau. Daktari anadhani huenda ni Alzheimer, huenda ni mishipa ya damu, huenda vyote, na alisema hivyo bila kupepesa. Usiku wa kuondoka alinisindikiza mpaka mlangoni akaniuliza kama baba kesharudi msikitini. Baba tulimzika 2016. Nikamwambia bado, atarudi, ndio tabia zake. Kazi ya miaka tisa ilinisaidia hapo kuliko jeni.

Kwa mnaotaka kujua kama kuna kipimo kinachosema kitu kuhusu mgonjwa wa leo: kipo, na ni cha protini. Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu kinacholinganisha tau ya aina ya p-tau217 na amiloidi, kwa watu wa miaka 55 na zaidi ambao wameshaanza kuonyesha dalili, na lazima kiagizwe na daktari. Jeni ni utabiri wa hali ya hewa, hicho ni kuangalia kama paa limeshaanza kuvuja. Na e4 ina mahali pake pa maana: dawa ya lecanemab, iliyopitishwa Marekani 2023, husafisha amiloidi na kupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi, lakini inaweza kuvimbisha ubongo, na kwenye utafiti wake wenye e4 mbili ilivimbisha karibu mmoja katika watatu. Kabla ya dawa hiyo unapaswa kupimwa APOE. Hospitalini, na daktari. Kwa mama wa Ngamiani dawa hiyo bado ni hadithi.

Basi hesabu yangu ndiyo hii. Kiboksi, mrija, posta: vizuri. Kuifunga ripoti kwa maswali: vizuri sana. Herufi waliyonipa naamini ni sahihi. Maelezo ya herufi hiyo kwa mtu mweusi: aibu. Bima kutotajwa: aibu zaidi. Msaada kwa wateja: roboti. Ukiwa na asili ya Ulaya na bima zako umeshazinunua, pengine utaongeza nyota moja.

Kiboksi cha pili kipo juu ya kabati, karatasi yake ya nailoni haijachanwa. Niliomba kukirudisha, wakasema siku 30 zimepita. Mwisho wa matumizi ni Machi. Yule Mkenya anataka kumnunulia mama yake wa Kisii, amenipa bei ya dola 60. Nimemwambia kwanza ampigie simu dada yangu.